Mikoba ya kitenge: duka linataka 30 kwa jumla na mimi bei yangu ya kweli siijui, naombeni msaada

MamaMikoba
Habari za jioni wapendwa, wakubwa shikamooni. Mimi ni mama wa watoto wawili nipo Kibaha, nashona mikoba ya kitenge hapa nyumbani, huu mwaka wa pili sasa. Nilianza kwa kumshonea dada yangu mmoja wa kwendea kazini, wenzake wakaupenda, ikawa leo mmoja kesho wawili mpaka nikanunua cherehani ya umeme. Nauza 15,000 mmoja. Hiyo bei hata sikuipigia hesabu, mteja wa kwanza aliniuliza shingapi nikasema 15 maana niliona aibu kusema 20, basi imebaki hapohapo mpaka leo.

Sasa wiki iliyopita mwenye duka la vitu vya utamaduni mjini aliona mkoba wangu kwa mteja akanipigia simu, anataka mikoba 30 kwa 12,000 kila mmoja, tena mali kauli yaani nipeleke mzigo yeye atanilipa akiuza. Dukani kwake mikoba kama yangu ameiandika 35,000, nimeiona kwa macho yangu. Mume wangu anasema chukua, 30 mara 12,000 ni laki tatu na sitini kwa mpigo. Mimi moyo unasita lakini sina hoja.

Gharama zangu nimekaa jana nikaziandika: pisi la kitenge (yadi 6) 24,000 linanitolea mikoba 6 kwa hiyo 4,000 kila mkoba, bitana 2,500, gamstafu (kile kitambaa cha kubandika kwa pasi ili mkoba usilegee) 1,500, zipu 700, mkanda wa mkononi 1,200, uzi na sindano naweka 300, lebo 200. Jumla 10,400. Nauli ya kwenda Kariakoo na kurudi 3,000, nikileta pisi moja ndo mikoba 6 hiyo kwa hiyo 500 nyingine, na umeme wa LUKU nakadiria 300. Inakuwa 11,200. Kwa hiyo kwa bei yangu napata faida 3,800 na kwa bei ya duka 800. Kushona mmoja toka kukata mpaka kupiga pasi ya mwisho ni kama masaa matatu na nusu.

Swali langu ni je bei ya kitu unachoshona kwa mkono wako inapangwaje? Maana kila ninayemuuliza ananiambia angalia wenzako wanauzaje, na wenzangu nao ndo hao wamekadiria kama mimi.

FundiTemeke
Dada hongera kwanza kwa kuandika, mafundi wengi tupo miaka 20 kwenye fani na hatujawahi kuandika hata bei ya sindano. Ila kuna kitu kimoja kikubwa umekiacha kwenye hiyo list na ndo kinachokufanya usite bila kujua sababu. Haupo wewe. Kitenge kipo, bitana ipo, LUKU ipo, konda wa daladala kalipwa, aliyeshona hajalipwa. Ile 3,800 unaiita faida lakini sio faida ni ujira wako, na ni ujira mdogo sana, igawe kwa masaa matatu na nusu ni kama elfu moja na mia kwa saa.

Mimi nina mafundi wawili kibandani, nikitaka kujua kazi yangu ya mikono ina thamani gani huwa najiuliza swali moja tu, hii kazi nikimpa fundi wa kibanda cha jirani aishone, vitambaa natoa mimi, atanitoza ushonaji shingapi? Fanya hivo. Mkoba kama wako wenye bitana, zipu na mfuko mimi ningekutoza 8,000 na nisingeshuka chini ya 7,000 hata ukileta wingi. Sasa weka 8,000 juu ya 11,200 yako unapata 19,200. Na hapo dada yangu hiyo bado sio bei, hiyo ni gharama. Umerudisha vitambaa na umejilipa kama fundi. Biashara yenyewe bado haijapata kitu, siku mota ya cherehani ikiungua au mteja akirudisha mkoba zipu imeachia utatoa wapi? Juu ya hapo ongeza kitu cha biashara, mimi ningefika 22,000 kwa anayechukua jumla na cash mkononi, na anayenunua mmoja mmoja asipungue 30,000.

Sasa tuje kwa huyo wa duka. Mikoba 30 kwa masaa matatu na nusu ni masaa 105. Ukishona masaa 8 kwa siku bila kupika bila kufua bila mtoto kuumwa ni siku 13. Kwa siku 13 unabakiwa na 800 mara 30, elfu ishirini na nne. Yaani unashona wiki mbili unapata hela ya pisi moja la kitenge, tena akiuza ndo akulipe! Na mtaji wa kununulia vifaa vya mikoba 30 ni zaidi ya laki tatu, unautoa mfukoni kwako unaenda kuuning'iniza ukutani kwa mtu. Mwambie shemeji hiyo laki tatu na sitini aliyoiona karibu yote ni hela yenu wenyewe inarudi.

Kingine nimeona yadi moja kwa mkoba ni nyingi. Unakata saizi gani? Kitenge upana wake ni inchi 45 hivi, nitajie vipimo nikuchoree.

Mchuuzi_Mwanza
Wakuu naomba nitofautiane kidogo na fundi, sio kwa ubaya. Mteja hanunui masaa yako. Nimeuza mabegi mnadani miaka mingi, mtu anashika begi analigeuza anaangalia zipu anauliza bei, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza limeshonwa masaa mangapi. Pembeni yako kuna begi la kiwandani linauzwa 10,000 na linang'aa. Ukipanga bei kwa masaa yako na wewe ni mzito kushona unamtoza mteja uzito wako.

Mimi ningekushauri uanze mwisho urudi nyuma. Tafuta kwanza watu wako wanaweza kutoa shingapi bila kuuma meno, ukishajua rudi kwenye mkoba uone utaushonaje ndani ya hiyo hela. Kama Kibaha mwisho ni 20,000 basi toa mfuko, tumia mkanda wa kitambaa hicho hicho, zipu iwe kifungo, na ule wa bitana na zipu uwe wa 30,000 kwa wanaouweza. Na hivyo vipande vinavyobaki usitupe, shona vipochi vya hela uuze 3,000, kitambaa chake ni bure.

FundiTemeke
@Mchuuzi_Mwanza kaka hapo kwenye kurudi nyuma nakubaliana na wewe kabisa, mtu akishajua gharama yake ndo anajua atoe nini abakize nini. Ila vipande sio bure, alishavilipia kwenye ile 24,000. Akivihesabu bure leo, kesho vipochi vikipendwa atakata kitenge kizima kushonea vipochi vya 3,000 na hapo ndo kuna watu wamekula mtaji mpaka wakauza cherehani, nimewaona. Na kuhusu uzito umesema kweli ndo maana mimi sikumwambia ahesabu masaa yake, nimemwambia aulize fundi wa jirani anatoza shingapi. Akichelewa zaidi ya jirani hiyo hasara ni ya kwake sio ya mteja.

BiKofia
Assalaam alaykum. Mwanangu mie niko Unguja nashona kofia za viua, za mkono, tangu niko msichana. Nimesoma hesabu zenu zote nikasema nami niseme neno maana kazi yangu ukiitia kwenye masaa utalia.

Kofia moja ya mkono ile nzuri, vitobo vyake vidogovidogo kila kimoja kinazungushiwa uzi kwa sindano, inanichukua miezi miwili. Nashona usiku nikishamaliza shughuli za nyumba, kama muda wa masaa matatu kila usiku. Kitambaa na uzi havifiki hata elfu kumi. Nauza laki na nusu. Gawa uone mwenyewe, ni kama mia nane kwa saa, chini ya hiyo yako. Na mtu akiisikia laki na nusu anashtuka, kwani pale sokoni kofia ya mashine anaipata kwa bei ya chai na maandazi ya wiki.

Zamani nilikuwa nampa mtu mmoja akiniuzia. Ananipa 60,000 kofia moja nami nafurahi nasema alhamdulillahi. Siku moja akaja mgeni kutoka Oman, wao kule wana kofia zao kama zetu wanaziita kumma, kaniletea kofia nimtengenezee imechomoka uzi ukingoni. Naitazama ni kazi yangu mwenyewe! Namuuliza kainunua kiasi gani, ananiambia laki mbili. Nilikaa kimya siku ile sikupika. Hakuniibia yule mtu, bei niliisema mie kwa mdomo wangu. Lakini alikuwa anaijua thamani ya kofia kunishinda mie ninayeishona.

Toka siku hiyo nimebadilisha mambo mawili. Kofia za mkono siziweki tena dukani kwa mtu. Nashona kwa anayekuja kuagiza, wa harusi, wa Idi, baba anayemshonea mwanawe, ananipa nusu kabla sijatia sindano. Hawa wanaijua kofia, hawanipigii kelele za bei. Na nyengine nimenunua mashine natia darizi ya haraka, hizo ndizo zinazolipa umeme na unga. Zile za mkono nazipenda siwezi kuziacha, najua hazinilipi sawasawa na nimeridhia, lakini naziridhia nikiwa naijua hesabu yake.

Wewe mkoba wako wa saa tatu na nusu unaweza kukulipa vizuri kabisa, usijiingize kwenye hali yangu kwa aibu ya kutaja elfu ishirini.

DukaArusha
Naomba nizungumze upande wa pili maana nina duka la aina hiyo hiyo hapa Arusha na watu wakiona 12 imekuwa 35 wanadhani mwenye duka ni mwizi. Ile tofauti ina kazi. Kuna pango nalipa miezi sita mbele, kuna dada wa kuuza, kuna dereva au guide aliyeniletea wageni naye anataka chake, aliyesajiliwa VAT kuna asilimia 18 inaondoka. Na masika, Aprili na Mei, naweza kukaa siku tatu sijaona mgeni na mkoba uko ukutani unapauka. Kwa hiyo duka kuuza karibu mara mbili ya bei ya jumla ni kawaida tu, usimchukie mtu kwa hilo.

Lakini mara tatu ya bei yako, tena kwa mali kauli, hapana dada. Akinunua cash yeye ndo anabeba hatari ya mzigo kutotoka kwa hiyo anastahili bei ya chini. Kwenye mali kauli hatari yote unaibeba wewe, sasa kwanini tena akupige bei ya chini? Mimi nikichukua mali kauli kwa kina mama huwa nawalipa zaidi kuliko nikinunua taslimu. Rudi kwake umpe bei mbili, cash 22,000 na mali kauli 25,000, kwa 35,000 anayouza bado anapata. Akikubali mali kauli muandikiane, idadi, bei, tarehe ya kulipana, na usiache zaidi ya mikoba mitano kwanza. Vilivyochafuka au kupotea vinalipwa na duka, hilo liandikeni kabisa maana ndo linaloleta ugomvi.

Halafu ushauri wa bure, kitu kinachonifanya nimuache mshonaji ni zipu. Mkoba mmoja ukirudi zipu imeachia mgeni keshaandika kwenye mtandao. Kwenye zipu usibane hela.

LesoZaPwani
Hamjambo ndugu zangu, mimi niko Mombasa nashona matandiko na mito ya leso, vitambaa nachukua Biashara Street. Fundi ameongea ukweli mtupu. Mimi nataka kumwambia huyu dada juu ya kitu kingine, familia. Bei yangu ilikuwa inauawa na watu wangu si wageni. Binamu anakuja, shangazi anakuja, mwalimu wa mtoto, kila mtu anataka bei ya undugu na huwezi kumwambia mamako mdogo hapana. Ikafika mahali nashona mwezi mzima na wote ni jamaa.

Nilichofanya niliandika bei kwenye karatasi nikaibandika ukutani pale juu ya cherehani. Basi. Mtu akiingia anaisoma mwenyewe, mimi sisemi kitu. Wa familia nawapa mto mmoja mdogo zawadi wakichukua seti, bei siigusi. Na bila dipoziti ya nusu sikati kitambaa, hata kama ni nani, nilishakatia mtu mapazia ya sebule nzima akahamia nyumba nyingine yenye madirisha tofauti, nikabaki nayo.

Kupandisha bei wengine watanuna mamangu, jiandae. Mimi nilipoteza wateja kama wanne. Mmoja alirudi.

MamaMikoba
Asanteni sana jamani, Bi shikamoo nimesoma ya kwako mara mbili nikamsomea na mama mkwe. Fundi ile hesabu ya siku 13 nilimuonyesha mume wangu, alikaa kimya akachukua simu akapiga mwenyewe kwenye kalkuleta, akarudia tena, mwisho akasema kumbe.

Vipimo nakata inchi 24 kwa 20, vipande viwili, na mfuko wa ndani 10 kwa 8. Huwa nakata yadi moja moja kwa kila mkoba sababu naogopa kukosea.

FundiTemeke
Basi sikiliza, hapo una mikoba 8 kwenye pisi na sio 6. Pisi lina yadi 6 yaani inchi 216. Vipande vyako vilaze ule upande wa 20 ufuate upana wa kitenge, viwili vinakaa sambamba 40 na upana una 45. Urefu unakula 24 kwa kila mkoba, mara 8 ni 192. Zinabaki inchi 24 za mwisho upana mzima, hapo unakata mifuko, minne kwa upana mitatu kwa urefu, 12 kabisa, unahitaji 8. Kitenge kimeshuka kutoka 4,000 mpaka 3,000 kila mkoba na hujapunguza ubora hata kidogo.

Angalizo moja, ukilaza hivo michoro inalala ubavu. Kama kitenge kina ndege au maua yenye kichwa na miguu usifanye, mteja atabeba ndege aliyelala. Tumia vile vya duara na vya kuzungukazunguka. Kata gazeti kwanza ulilaze juu ya kitambaa kabla ya mkasi, na kata mikoba 8 kwa mpigo, gamstafu zote ubandike pamoja, zipu zote upige pamoja, usimalize mkoba mmoja ndo uanze mwingine. Utashangaa masaa yatakavyopungua.

MamaMikoba
Narudi na mrejesho baada ya wiki tatu.

Nilikata gazeti kama ulivyosema, pisi la kwanza nimetoa 7 sababu moja nilikata vibaya, la pili 8. Nikikata kwa pamoja mkoba mmoja unanichukua kama masaa mawili na nusu sasa. Duka nilirudi na bei mbili nilizopewa humu. Alicheka akasema kwa bei hiyo atatafuta mwingine, nikarudi nyumbani nikalia kidogo kusema ukweli. Siku nane baadaye akapiga, anataka 10, tukakubaliana 20,000 nusu taslimu nusu mwisho wa mwezi na tumeandikiana. Najua ni chini ya 22 lakini gharama yangu nikijilipa ile 8,000 imeshuka mpaka 18,200 kwa hiyo bado nipo juu, na hii nimeikubali nikiwa naijua.

Wateja wangu wa zamani nimewaambia 28,000, ile 30 ilinishinda kuitamka. Wawili wameacha kujibu meseji. Mmoja alisema muda wote alikuwa anashangaa nauza bei ile akachukua miwili, wa kwake na wa mama yake.

Sasa zipu, nataka nzuri kama alivyosema wa Arusha lakini ya 700 kwenda ya 1,500 inanitisha. Mnanunuaje nyie?

FundiTemeke
Usinunue za kukatwa moja moja. Nunua zipu ya roli ya plastiki pana, inauzwa kwa mita, na vichwa vyake vya chuma unanunua kwa dazani pembeni. Unakata urefu unaotaka unaingiza kichwa mwenyewe. Ukifika dukani kivute kichwa kwenda na kurudi mara ishirini hapohapo kabla hujalipa, kikikwama hata mara moja rudisha. Kufundishana kuingiza kichwa kwa maandishi ni ngumu, nenda kwa fundi yeyote hapo Kibaha mpelekee soda akuonyeshe, ni dakika mbili.